Ada ya kucheza mtandaoni: tunalipia huduma au tunalipia lango?



Ndugu wasomaji wa kurasa hizi za familia, jambo ninalotaka kulizungumza leo huenda baadhi ya wazee wetu wakaliona la kitoto. Naomba wanivumilie, kwani ndani yake mna fedha za nyumbani, mna mikataba, na mna vijana wetu.

Katibu wa kamati ya msikiti huulizwa mengi. Huulizwa madrasa itafunguliwa lini, nani amekwisha kutoa mchango wa mwezi, na mirathi ya marehemu fulani itagawiwa vipi. Mwaka huu nimeulizwa swali ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha fiqhi nilichosomeshwa chuoni. Mtu amenunua mashine ya gemu kwa fedha yake, akanunua na mchezo wenyewe, akalipia na bando la intaneti. Je, ni haki atakiwe tena kulipa ada ya kila mwezi au kila mwaka ili aruhusiwe kucheza na mwenzake aliye mbali?

Aliyeuliza ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Ana miaka kumi na tisa, anaishi Ifakara, anajifunza ufundi wa simu. Kwa akiba yake alinunua PlayStation 4 iliyokwisha kutumika. Katika ukoo wetu tuna kijana mwingine, binamu yake, ambaye wazazi wake wanaishi Muscat. Vijana hawa wawili hawajaonana tangu wakiwa wadogo. Yule wa Muscat alimwambia huyu wa Ifakara: lipa ada, tucheze mpira pamoja kila Ijumaa usiku. Ada ya mwaka, kwa bei ya Marekani, ni karibu dola 80, yaani takriban shilingi laki mbili za kwetu. Fedha hizo mpwa wangu hakuwa nazo. Mama yake alikuwa nazo, hapa Masagati, kutokana na mpunga aliouuza, na alikuwa amezitenga kwa ajili ya michango ya chakula cha hosteli ya binti yake aliye sekondari.

Dada yangu akanigeukia. Akasema, "Kaka, wewe umesoma. Niambie kama hii ni haki au ni dhuluma, maana nikimnyima bila ya sababu ataona nampenda dada yake kuliko yeye."

Kwa hiyo nimelichunguza jambo hili, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza. Sitoi fatwa, mimi ni katibu, si mufti. Ninatoa maoni ya ndugu aliyepima.

Ada hii ilitoka wapi

Wengi wetu tunadhani ada hii ilizaliwa pamoja na gemu zenyewe. Sivyo. Kampuni ya Microsoft ilianzisha huduma yake ya Xbox Live mwezi Novemba 2002 huko Marekani, kwa ada ya kiasi cha dola 50 kwa mwaka. Wakati huo huo Sony, wenye PlayStation, waliwaachia wateja wao wacheze mtandaoni bila ya kuwatoza. Ilikuwa hivyo kwa PlayStation 2, na ikawa hivyo kwa PlayStation 3 iliyotoka mwaka 2006. Mwaka 2010 Sony walianzisha uanachama wa kulipia ulioitwa PlayStation Plus, lakini ulikuwa wa hiari: aliyetaka ziada alilipa, asiyetaka aliendelea kucheza na wenzake kama kawaida.

Mambo yalibadilika Novemba 2013, ilipotoka PlayStation 4. Kuanzia hapo, kwa michezo mingi, asiye mwanachama hawezi kucheza na mtu aliye mbali. Nintendo nao wakafuata Septemba 2018 kwa mashine yao ya Switch, kwa ada ya dola 20 kwa mwaka. Ada ya Sony ilianza dola 50, ikapanda kuwa 60 mwaka 2016, na Septemba 2023 ikapandishwa hadi dola 80, na hilo ni daraja la chini kabisa la uanachama wao.

Sisi watu wa bonde la Kilombero tunao mfano wetu. Kabla ya daraja la Mto Kilombero pale Ifakara, lililozinduliwa mwaka 2018, aliyetaka kwenda Ulanga alivuka kwa kivuko na kulipa nauli. Hakuna aliyeiona nauli ile kuwa dhuluma. Kivuko kilikula mafuta, kilikuwa na wafanyakazi, na kilikuchukua kutoka ng'ambo hii kukupeleka ng'ambo ile. Lilipokuja daraja, watu wakavuka bure. Sasa hebu tufikiri: daraja limekuwa wazi miaka kadhaa, kisha siku moja unakuta limewekewa lango, na mlinzi anadai malipo makubwa kila mwaka yanapogeuka. Utauliza, kipi kimeongezeka? Ndivyo walivyouliza wachezaji wengi wa PlayStation mwaka 2013.

Hoja za wenye kuitetea

Uadilifu unatutaka tumsikilize na mwenye kutoza. Hoja zake si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba huduma ya mtandao ina gharama. Kuna seva zinazowashwa usiku na mchana, kuna mafundi, na kuna ulinzi wa taarifa za watu. Mwezi Aprili 2011, wakati Sony walipokuwa hawatozi ada ya kucheza, wezi wa mtandaoni waliingia katika mfumo wao na taarifa za akaunti zipatazo milioni 77 zikawa hatarini. Huduma ilifungwa kwa zaidi ya wiki tatu. Mtu anaweza kusema kwamba kisicholindwa kwa fedha huishia kuvunjwa, na maneno hayo yana ukweli ndani yake.

Hoja ya pili ni kwamba mashine zenyewe huuzwa kwa bei ya chini ili zienee, kisha faida hutafutwa kwenye michezo na ada. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple huko California, mmoja wa maofisa wa Microsoft alieleza mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza mashine za Xbox zenyewe. Kwa maana hiyo, anayelalamikia ada anasahau kwamba alipunguziwa bei dukani.

Hoja ya tatu ni ya kisheria, nayo ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Mwenye mali ana haki ya kuiwekea bei aitakayo, maadamu hadanganyi wala halazimishi mtu. Hakuna aliyeshikiwa fimbo anunue PlayStation. Anayenunua ameridhia.

Tuzipime

Wanazuoni wa fiqhi wanapoueleza mkataba wa ijara, yaani kulipia manfaa ya kitu bila ya kukimiliki, huangalia mambo machache: manfaa yawe halali na yajulikane, ujira ujulikane, muda ujulikane, anayetoa manfaa awe na uwezo wa kuyatoa, na pande zote mbili ziridhie. Huku kwetu tunao mfano ulio karibu, nao ni banda la gemu. Kijana anaingia, anakuta mashine, runinga na pedi mbili. Anaambiwa mechi moja ni shilingi mia tano. Anajua analipia nini, kwa muda gani, na aliyemtoza amesimama mbele yake. Umeme ukikatika katikati ya mechi, anadai chake hapo hapo.

Mkataba wa banda hauna kasoro, isipokuwa pale vijana wanapokubaliana kwamba atakayefungwa ndiye atakayewalipia wote wawili. Hapo ujira umegeuka kuwa kitu cha kushindaniwa, na mlango wa kamari umeanza kufunguka. Wazazi wawaambie vijana wao: kila mmoja alipe nusu yake kabla ya mpira kuanza, kisha mshinde na mshindwe kwa furaha.

Sasa tuichukue ada ya mtandaoni tuiweke kwenye mizani hiyo hiyo. Ujira unajulikana na muda unajulikana. Penye utata ni kwenye manfaa. Mpwa wangu anacheza mchezo wa mpira wa kampuni ya EA, ule uliojulikana kwa jina la FIFA na ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC. Mchezo ule unahudumiwa mtandaoni na seva za EA, na EA walikwisha kulipwa siku mchezo uliponunuliwa. Intaneti anailipia kwa kampuni ya simu. Anayedai ada ya mwaka ni mtengenezaji wa mashine. Sisemi kwamba mtengenezaji hafanyi lolote. Yeye ndiye anayetunza akaunti, orodha ya marafiki na mialiko. Lakini kazi hiyo hiyo aliifanya kwenye PlayStation 3 bila ya malipo, na wanaocheza michezo hiyo hiyo kwa kompyuta hawatozwi ada ya namna hii mpaka leo.

Kuna ushahidi mwingine ulio wazi zaidi. Michezo inayotolewa bure, kama Fortnite, huchezwa mtandaoni kwenye PlayStation bila ya uanachama. Kwa upande wa Xbox, Januari 2021 Microsoft walitangaza kupandisha ada kwa kiwango ambacho kingeifikisha dola 120 kwa mwaka. Wateja walipiga kelele, na siku ile ile kampuni ikarudi nyuma. Haikuishia hapo; iliahidi kuiondolea ada michezo ya bure, na Aprili mwaka huo ikatekeleza. Kama ada ingekuwa ni gharama halisi ya kumhudumia mchezaji, mchezaji wa mchezo wa bure angegharimu sawa na yule wa mchezo wa kununua. Hatozwi. Maana yake ni kwamba bei imewekwa kwa kuangalia nani yuko tayari kulipa.

Na ile hoja ya kupunguziwa bei dukani? Nimeifanyia hesabu. PlayStation 4 ilipotoka iliuzwa dola 399. Kwa ada ya dola 80 kwa mwaka, miaka mitano ya kucheza mtandaoni ni dola 400. Kwa hiyo anayelipa miaka mitano ameinunua mashine mara ya pili, na akiacha kulipa mwaka wa sita lango linafungwa. Punguzo la namna hiyo linafanana na la muuza baiskeli anayekupunguzia bei, kisha anakukodisha pampu maisha yako yote.

Jibu langu kwa dada lilikuwa hivi: ada hii siwezi kuiita haramu, kwa sababu bei imetajwa na mnunuzi ameridhia. Lakini sehemu kubwa yake ni malipo ya lango, na ya huduma ni kidogo. Mtu hapati dhambi kwa kulilipia lango, wala hapati dhambi kwa kukataa kulilipia. Linalobaki ni busara, na busara hutazama hali ya mlipaji.

Hali ya mlipaji wa Ifakara

Na hapa ndipo penye uzito, ndugu zangu, kwa sababu kijana wa Ifakara na kijana wa Muscat wanatakiwa kulipia jina moja la huduma, lakini hawanunui kitu kimoja.

Oman imo katika orodha ya nchi ambazo Sony wanaruhusu akaunti za mtandao wao. Tanzania haimo. Kijana wetu akitaka kufungua akaunti, atafungua orodha ya nchi na hataiona yake. Wafanyavyo vijana wengi ni kuandika kwamba wanaishi Uingereza au Marekani, na kuweka anuani ya huko. Kisha, kwa kuwa malipo ya kawaida yanaweza kukataliwa, hununua kadi za zawadi za nchi waliyoitaja kupitia watu wa kati. Kadi ya nchi moja haifanyi kazi kwenye akaunti ya nchi nyingine, kwa hiyo akikosea amepoteza. Na akiuziwa kadi iliyokwisha kutumika, atamlalamikia nani? Kampuni itamuuliza anaishi wapi, na jibu la kweli litakuwa kinyume cha alichokiandika.

Hatari hii si ya kufikirika. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa mchezo uitwao Helldivers 2 waliokuwa wakiuchezea kwenye kompyuta waunganishe akaunti za PlayStation. Ikadhihirika kwamba zaidi ya nchi na maeneo 170 hayana haki ya kuwa na akaunti hizo, ilhali wapo watu wa huko waliokwisha kuununua mchezo. Mchezo ukaondolewa sokoni katika maeneo hayo. Baada ya siku chache za malalamiko Sony waliliondoa sharti lile. Lakini somo limebaki: uliyemwambia kwamba uko London hawajibiki kwa shida ya mtu wa Ifakara.

Kwangu mimi jambo la anuani ni zito kuliko hata shilingi laki mbili. Dini yetu inatutaka tutimize masharti ya mikataba tunayoingia kwa hiari yetu. Vipi tutaingia mkataba ambao mstari wake wa kwanza ni uongo kuhusu tunapoishi? Kijana anayezoea kuandika uongo mdogo kwenye skrini kwa sababu haumuumizi mtu ataandika na mwingine kwenye fomu ya mkopo. Mpwa wangu alinijibu, "Mjomba, wao ndio waliotufungia mlango, sisi tunapitia dirishani." Nikamwambia kwamba lawama ya kufunga mlango ni yao, lakini atakayeonekana dirishani ni yeye.

Tena kuna suala la manfaa kufika. Intaneti yetu hutegemea nyaya zinazopita chini ya Bahari ya Hindi. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na nchi yetu pamoja na jirani zetu zikabaki na intaneti dhaifu kwa siku kadhaa. Siku kama hizo kalenda ya ada inaendelea kuhesabu. Hata siku za kawaida, mpira wa mtandaoni unahitaji mawasiliano ya haraka. Huku kwetu Masagati, masika yakikolea na barabara ya Mlimba ikiwa tope, mtandao wa simu nao huja na kuondoka. Bando analolinunua kijana wa Ifakara linahesabiwa kwa megabaiti, na mchezo wenyewe hudai masasisho makubwa kabla ya kukubali kufunguka. Kwa hiyo mwenzake wa Muscat analipa dola zake akapata mwaka mzima wa kucheza. Huyu wa kwetu akilipa kiasi hicho hicho, hajui atapata siku ngapi.

Tahadhari juu ya neno "bure"

Baada ya kusema hayo yote, msomaji anaweza kudhani nitamshauri kijana akimbilie michezo ya bure. Hapana, si bila ya tahadhari. Anayetoa mchezo wa mamilioni ya dola bila ya bei ana mahali pengine anapopata fedha. Michezo mingi ya bure, na hata baadhi ya ile ya kununua, huuza pakiti au sarafu ambazo mchezaji hulipia bila ya kujua atapata nini ndani yake. Analipa fedha halisi, anafungua, pengine anampata mchezaji nyota, pengine hapati cha maana. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliamua kwamba pakiti za namna hii zinahesabika kuwa kamari, na kuanzia Januari 2019 EA wakaacha kuuza huko sarafu za kununulia pakiti za mchezo wao wa FIFA.

Ikiwa dola lisilofuata sheria yetu limeliona hilo, sisi hatuna udhuru wa kutoliona. Nathubutu kusema kwamba ada ya mwaka, pamoja na dosari zake zote, ni safi kuliko pakiti ya kubahatisha. Ada imetajwa bei na muda wake. Pakiti imefichwa kilichomo. Mzazi anayejivunia kwamba mwanawe hacheza kwa ada, huku anamtumia fedha za sarafu kila wiki, ameepuka lililo dogo akaliingia lililo kubwa.

Na liko la tatu la kuangaliwa, ambalo ni makato yanayojirudia yenyewe. Muumini mmoja wa msikiti wetu alijiunga na huduma ya filamu kwa majaribio, kwa kadi iliyounganishwa na fedha zake za simu. Miezi mitatu baadaye aligundua kwamba kila mwezi anakatwa. Kisheria aliridhia, kwa sababu alibonyeza palipoandikwa kukubali. Lakini ridhaa ya mara moja iliyosahaulika si ridhaa ambayo mtu mwadilifu angependa kuishi kwayo. Ukilazimika kulipia huduma yoyote ya mtandaoni, lipa kwa muda mfupi, na siku hiyo hiyo zima kitufe cha kujilipia upya.

Tulivyoamua

Sikumwambia mpwa wangu kwamba kucheza ni upuuzi. Nilimwuliza anachokitaka hasa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mimi simjui ndugu yangu. Nataka tu tuwe na kitu cha kuzungumza." Maneno haya yalinigusa. Sisi wazazi na wajomba tunahimiza kuunga udugu, lakini hatujawapa vijana hawa njia ya kuuunga. Kijana wa kiume wa umri ule hampigii simu binamu yake ili amuulize hali. Wanahitaji jambo la kufanya pamoja, ndipo mazungumzo yaje pembeni.

Basi tukakubaliana hivi. Fedha za hosteli ya binti zikabaki za hosteli, kwa sababu haki ya anayesoma ilikuwa imetangulia. Vijana wale wawili wakahamia mchezo wa mpira wa kwenye simu, ambao hauna ada ya uanachama wala haukumlazimu wa kwetu kudanganya nchi anayoishi. Waliwekeana sharti mbele yetu: hakuna kununua sarafu. Wa Muscat alicheka akasema kwamba kwake hilo ni gumu zaidi, kwa sababu fedha anazo. PlayStation imebaki Ifakara. Mpwa wangu ameitafutia pedi ya pili, naye hucheza na wenzake wa mtaani.

Sitadai kwamba ameridhika kabisa. Bado anasema picha ya simu haiwezi kulinganishwa na ya runinga, na ni kweli. Bado anauliza kwa nini mtu wa Oman ahesabiwe mteja na yeye asihesabiwe, na hilo sina jibu la kumpa, kwa sababu swali hilo si langu kulijibu. Ni la kampuni zinazoziona fedha zetu lakini haziioni nchi yetu. Siku Tanzania itakapoingizwa katika orodha, na bei ikatajwa kwa shilingi, na mlalamikaji wa Ifakara akawa na mahali pa kulalamika, tutalipima upya. Huenda siku hiyo nitamwambia dada: sasa ni biashara kama biashara nyingine, mwenye nacho alipe.

Mpaka siku hiyo, nawashauri wazazi wenzangu wajiulize mambo manne kabla ya kuruhusu ada yoyote ya mtandaoni kuingia nyumbani. Fedha hii inanunua nini ambacho hatujakilipia? Je, tunajiandikisha kwa majina yetu na nchi yetu ya kweli? Huduma ikishindikana, tutamwendea nani? Na je, ndani yake mna kitu cha kununuliwa kwa kubahatisha? Penye majibu mazuri kwa yote manne, kijana asinyimwe kwa sababu tu jambo ni geni kwa wazee. Panapokosekana jibu moja, mzazi asione haya kusema hapana, ila aiseme na sababu yake, na amwonyeshe mwanawe njia nyingine ya kulipata lile jema alilokuwa akilitafuta.

Allah ndiye Mjuzi zaidi.